Nyumba Isiyowashwa Moto

Nianze na sukuma wiki zangu, maana najua hakuna mwingine atakayezililia. Nilikuwa na kishamba pale Silanga, hapa Nairobi, chini karibu na maji ya dam, kipande nilichokilima kwa mikono yangu tangu binti yangu Nelima akiwa mgongoni. Sukuma, kunde, nduma kando ya mtaro. Hicho ndicho kilikuwa kinatulisha. Siku moja narudi kutoka kutembeza mboga Ayany, nakuta mume wangu Phanuel amesimama katikati ya matuta na kamba mkononi, anapima. Mistari mitatu ya sukuma imeshang'olewa, imelala hapo kando mizizi juu.

"Baba Nelima, unazika nani?"

"Najenga."

"Unajenga nini juu ya mboga zangu?"

"Nyumba."

"Na kile chumba tunalipia kodi Kisumu Ndogo ni nini, choo?"

"Hii si ya hapa," akasema, bado anavuta kamba. "Hii ni ya nyumbani. Nitaijenga hapa, halafu niipeleke."

Nikaweka karai chini. Nilitaka kupiga kelele lakini nilikuwa nimetembea tangu asubuhi, na kelele nayo inataka nguvu. Nikaokota zile sukuma nikaenda kuzipika.

Wacha nieleze, usije ukafikiri nimeolewa na mwendawazimu, ingawa mimi mwenyewe nilifikiri hivyo mara nyingi. Kwao Phanuel, huko Busia, mwanamume si mtu mpaka ajenge kwenye boma la baba yake. Anaweza kuwa na mke, mtoto, kazi Nairobi na suti ya kuendea kanisani. Kama hana nyumba nyumbani, yeye ni mvulana tu. Na nyumba yenyewe ina masharti. Lazima isimame kwa siku moja. Asubuhi mnaanza, jua likitua paa liko juu, moto unawaka ndani, na mwenyewe analala humo na mke wake. Siku ikiisha haijasimama, imeharibika, ungoje mwaka mwingine. Halafu kuna lile sharti lililonitoa jasho: nyumba ni ya pale ilipowashiwa moto wa kwanza. Ikishawashwa moto mahali, haing'olewi kupelekwa kwingine. Ukiipeleka, wazee watakufukuza na mbao zako, watasema umewaletea majivu ya watu wengine.

Sasa Phanuel alikuwa kifungua mimba. Nyuma yake kulikuwa na ndugu yake Wanzala, na Wanzala hangeweza kujenga kabla ya kaka yake mkubwa. Alikuwa ameoa, watoto wamejaa, wote wamebanana kwenye nyumba ya marehemu mama yao, wanangoja mtu aliye Nairobi. Walingoja miaka. Mwishowe wazee wakaketi, wakatuma neno: Phanuel ajenge Krismasi hii. Asipojenga, aseme kwa kinywa chake kwamba amemwachia Wanzala, na mahali pa mkubwa pawe pa Wanzala. Hapo unaelewa. Tungekuwa watu wa kupita tu, popote.

Mimi hilo lilinikata maini kuliko yeye. Mama mkwe alipofariki, tulienda kumzika, nikalazwa jikoni na wasichana. Mimi, mke wa mtoto wa kwanza! Mke wa Wanzala, ambaye nilikuja kwenye boma kabla yake, ndiye aliyekuwa akiniambia chumvi iko wapi. Wageni wakifika, kila mwanamke anaita watu wake waje kwake wakanywe chai. Mimi nimesimama uani na leso yangu, sina kwangu, nacheka na kila mtu. Nilicheka mpaka taya zikauma. Kwa hivyo usinione nikilalamika kuhusu sukuma ukadhani sikuitaka ile nyumba. Niliitaka kuliko kitu chochote.

Utauliza, si angeijenga hukohuko tu? Kwa likizo gani? Likizo yake ilikuwa ya Krismasi, siku za kuhesabu, na nusu inamezwa na safari. Miti huko imekwisha. Na nyumba ya udongo haisimami kwa siku moja bila watu wengi wa kukanyaga tope, na watu hawaji kumsaidia mtu ambaye hajawahi kuwasaidia. Phanuel alijua hayo yote. Lakini ujanani alifanya kazi kwenye mashine ya kupasua mbao kule Mlima Elgon, na huko aliona nyumba ya msimamizi, magogo matupu yamelazwa moja juu ya jingine, yameumana kwenye pembe, hakuna hata msumari. Nyumba ya kupanga na kupangua. Ukiwa umeshayakata magogo yako vizuri, watu wachache tu wanaisimamisha kabla ya jua kutua. Hiyo ndiyo iliyomwingia kichwani, na kitu kikimwingia Phanuel kichwani, basi.

Alikuwa fundi kwenye karakana moja ya mbao kule Kawangware. Yale magogo membamba ya saiprasi ambayo mashine inayakataa, mwenye karakana alimwambia achukue tu, yanajaza nafasi. Basi kila Jumapili baada ya kanisa, Phanuel na kijana wake wa kazi, Kavoi, wanajaza mkokoteni, wanashuka nao Naivasha Road, wanavuka Ngong Road, wanapita Ayany, wanateremka mpaka Silanga, mmoja anavuta, mwingine amening'inia nyuma kama breki. Wakifika hawaongei. Wanapakua, wananywa maji, Phanuel anachukua shoka.

Anaambua maganda. Anageuza gogo, analikata pengo upande wa chini karibu na kichwa, analisawazisha kwa patasi mpaka likae juu ya mwenzake bila kutikisika. Likitikisika analishusha, anakata tena kidogo, anapandisha. Kila gogo akalichanja chale za kisu kichwani, ajue ni la ukuta gani na linakaa la ngapi. Ukuta ukifika kifuani wanaubomoa wote, wanaupandisha tena, waone kama mikono imezoea. Kujenga na kubomoa, kujenga na kubomoa. Mwaka mzima nikipita naona nyumba, kesho yake naona rundo la magogo. Watu wa Silanga wakamwita Nuhu. "Nuhu, safina imefika wapi?" Yeye anawapungia mkono tu, hana hata nguvu ya kutukana. Niliwatukana mimi.

Na mimi ndiye niliyekuwa askari wa moto. Mwanamke wa makaa alitaka kujikinga mvua humo na jiko lake, nikamfukuza. Mzee mmoja wa kanisa aliingia kutazama kazi na sigara mdomoni, nikamtoa nje kwa kuvuta koti. Jioni nikamwuliza Phanuel, "Sigara je, ni moto?" Alikaa akafikiria, kweli akafikiria, hadi ugali ukapoa. "Hajapikia," akasema. "Sigara si kitu." Hata askari wa chifu walipokuja kuuliza nani ametupa ruhusa ya kujenga, niliwaambia hii si nyumba, ni magogo yanakauka. Wakaingia, wakatazama chini, hakuna hata jivu. Wakaenda zao.

Huyu Kavoi alikuwa Mkamba kutoka Kitui, kijana mwembamba, mdomo haupumziki. Aliishi na mke wake Kalekye hapohapo Silanga, kwenye chumba cha udongo kando ya mtaro. Mila zetu zilimchekesha.

"Mathe," ananiambia, "nyinyi Waluhya mnaogopa moto kwa nyumba, lakini kuku hamwogopi kumchoma."

"Na nyinyi mnaokesha na mahindi yenu ya muthokoi jikoni hayaivi, mtatufundisha nini kuhusu moto?"

"Poa, mathe, nimenyamaza."

Hanyamazi. Lakini alifanya kazi ile kama ya babake, bila kudai kitu. Kalekye alikuwa na mimba ya kwanza, na alizoea kuja kuketi juu ya gogo mchana, miguu imevimba, anaangalia zile kuta. Siku moja akaniuliza, "Mama Nelima, nyumba nzuri hivi, mbona hakuna mtu analala ndani?" Nikamwambia ni ya nyumbani. "Kwani hapa mnaishi wapi?" akauliza. Nilimwambia aende akapumzishe miguu yake huko kwake, maana jua lilikuwa kali.

Mwaka huo ndio ule wa mvua ya Elinino. Ilianza tukadhani ni ya kawaida. Ikanyesha ikasahau kuacha. Vyoo vikafurika, njia zikawa tope hadi magoti, nduma zangu zikaoza na sukuma zilizobaki zikageuka manjano. Kitu kimoja tu Silanga nzima kilikuwa kikavu: nyumba ya Phanuel. Alikuwa ameisimamisha nzima kwa jaribio la mwisho, juu ya mawe, akaweka sakafu ya magogo yaliyopasuliwa, na mabati juu. Watu waliokuwa wakimwita Nuhu wakaacha kucheka.

Dereva mmoja wa kwao Busia alikuwa analeta mahindi Nairobi na kurudi tupu. Akakubali kubeba magogo. Angekuja Jumamosi asubuhi, ile ya kuelekea Krismasi. Ijumaa Phanuel na Kavoi wangetoka kazini mapema, wabomoe, walipange kila gogo kwa mpangilio wake, Jumamosi tupakie, na wiki hiyohiyo nyumba isimame Busia. Usiku wa Alhamisi sikulala kwa furaha. Nilikuwa nimeshanunua leso mpya ya kuvaa siku nitakapowasha moto wangu. Nilikuwa nimeshawaza nani nitamwita kwanza kunywa chai.

Ijumaa mchana mvua ilishuka kama iliyokuwa imefungiwa mahali. Nilikuwa shambani nafukua mtaro ili maji yasije yakasukuma yale mawe. Nikasikia ukuta ukianguka, mlio mzito, si wa kelele. Nikageuka. Ilikuwa nyumba ya Kavoi, upande mzima umelala kwenye maji, na Kalekye amesimama nje ameshika tumbo kwa mikono yote miwili.

Nilikimbia, nikaanguka, nikaamka. "Umeumia?"

"Mama Nelima," akasema, "maji yamevunjika." Nami mjinga nikatazama mtaro, kabla sijaelewa ni ya uzazi.

Hospitali? Kivuko kilikuwa kimebebwa na maji. Chumba changu Kisumu Ndogo kilikuwa mbali, kupanda mlima wa tope na mtu anayejikunja kila hatua chache. Nilimwita Sella, jirani yangu wa pale shambani, Mjaluo anayeuza samaki wa omena, mama aliyezalisha nusu ya watoto wa upande ule. Alikuja na mfuko wa plastiki kichwani. Akamwangalia Kalekye, akaangalia huku na huku, vyumba vyote vimejaa maji, akaangalia nyumba ya Phanuel.

"Humo," akasema.

Sikubisha. Kuzaa si kuwasha moto. Hakuna aliyewahi kuniambia mtu asizaliwe humo. Tukamwingiza, tukatandika leso na magunia juu ya ile sakafu, na leso yangu mpya nikaitoa kwenye kifurushi cha safari nilichokuwa nimekiweka humo, nikaitandika pia.

Alihangaika sana, maskini. Alilia kwa Kikamba, akamwita mama yake, akamwita Kavoi, akamtukana Kavoi. Jua lilikuwa linaanza kushuka mtoto alipotoka, msichana, mdogo, mdogo kweli. Akalia kidogo, sauti nyembamba, halafu akanyamaza. Sella akamsugua. Akalia tena kidogo. Midomo ilikuwa na rangi nisiyoipenda. Na mama yake alikuwa anatetemeka, meno yanagongana, leso zote zimelowa, sisi wenyewe tumelowa. Nikamtia mtoto ndani ya gauni, kifuani, lakini kifua changu chenyewe kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

"Huyu anataka joto," Sella akasema. "Washa moto."

"Hapa hapawashwi."

"Kwa nini?" Halafu akainua macho, akatazama pembe za paa, akatazama sakafu safi isiyo na jivu. Wajaluo wanajua mambo haya kama sisi. "Woi! Bado haijawashwa?"

"Bado. Inaenda nyumbani kesho."

Akarudi nyuma hatua moja. Halafu akasema, "Basi mimi siwashi. Nyumba ya mtu, mwenyewe yuko hai? Siwezi, Mama Nelima. Hiyo laana nitaipeleka wapi?"

"Nani amekuambia uwashe?"

"Umeniangalia."

"Nina macho, niyaweke wapi?"

Tuligombana, nakwambia, wanawake wazima, na mtoto anapoa. Nikasema alete jiko lake lililokwisha kuwashwa, moto wa nje si moto wa ndani. Akatoka mbio. Akarudi na mikono mitupu, chumba chake kimeingia maji, makaa yamezima, alichookoa ni kibiriti ndani ya plastiki na chupa ya mafuta ya taa. Akaviweka sakafuni katikati yetu. Kalekye pale chini alikuwa anatufuata kwa macho. Haelewi kitu. Akasema kwa sauti ndogo, "Kama kuni hakuna, si mniletee tu mtoto nimshike?"

Hapo nikachukua kibiriti. Pembeni kulikuwa na vumbi la randa na vipande vya Phanuel visivyonyeshewa, rundo zima. Njiti ya kwanza ikavunjika. Ya pili ikawaka, nikaiinamisha, na nikaona lile boma la Busia, nikajiona uani na leso, nacheka na kila mtu. Njiti ikaniunguza kidole ikazima. Machozi yakanitoka, ya hasira. Nilikuwa na hasira na mvua, na Kavoi, na wazee, na wote waliotunga sheria za moto huku wao wameketi pakavu. Nikatoa ya tatu.

Phanuel alikuwa mlangoni.

Alikuwa ametembea kutoka Kawangware peke yake. Kavoi alikuwa ametumwa kupeleka kitanda cha mteja kule ng'ambo, na mto ulikuwa umemzuia. Phanuel maji yalikuwa yanamtiririka hadi kwenye viatu. Alinitazama mimi, na gauni langu lililovimba kifuani, akamtazama Kalekye, akatazama njiti.

"Ni wa Kavoi?"

"Ni wa Kavoi. Msichana."

"Mzima?"

"Anapoa, Baba Nelima. Anatupoea."

Akaja akachuchumaa. Akanyoosha mkono. Nikadhani anamtaka mtoto, kumbe anataka kibiriti. Nikakificha mgongoni.

"Acha niwashe mimi," nikamwambia. "Mimi si wa ukoo wenu, labda haitahesabika. Nitawaambia wazee niliwasha wewe ukiwa kazini. Wanichukie mimi, tayari wananichukia. Magogo yaende."

Sella akasema, "Sema ndiyo, shemeji. Hilo linaweza kupita."

Phanuel akatikisa kichwa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepandisha mkokoteni mlima mzima. "Itahesabika," akasema. "Na nitajua. Nitalala kwenye nyumba ya uongo kila Krismasi." Akachukua kibiriti mkononi mwangu, taratibu, hakuninyang'anya. "Moto wa kwanza anawasha mwenye nyumba. Baba alinifundisha hivyo. Kama unawashwa, uwashwe vizuri."

Akatoka nje kwenye mvua. Nikamwona anachagua mawe kando ya msingi, anarudisha moja, anachukua jingine, mtu anayechelewa, mtoto anapoa, na yeye anachagua mawe! Nilitaka kumpigia kelele. Akarudi na matatu. Akang'oa kipande cha sakafu, ile sakafu aliyoisawazisha kwa patasi jioni baada ya jioni, akayaweka mafiga juu ya udongo, upande wa kulia ukiingia, pale ambapo kwao mke huwa na jiko lake. Akapanga vumbi la randa, akapanga vipande, akapiga magoti. Midomo yake ikasema kitu sikusikia. Halafu akawasha.

Moshi! Zile saiprasi bado zilikuwa na maji ndani yake. Moshi ukajaa hadi tukawa hatuonani, sote tunakohoa, Sella anapiga mabati kwa fimbo yapate kufunguka kidogo. Na ndani ya gauni langu mtoto akapiga chafya, akavuta pumzi, akaanza kulia. Si kile kilio chembamba. Alilia kama amekuja kudai kitu. Kalekye akanyoosha mikono, nikampa, na Phanuel akamsogeza mama na mtoto wake karibu na moto, akavua shati lake lililolowa akaliweka juu ya jiwe likauke ili wafunikwe nalo.

Mimi nilitoka nje. Sikutaka mtu anione. Nilikaa chini ya ukingo wa paa, mvua inanipiga magotini, nikalia mpaka nikamaliza.

Kavoi alifika alfajiri, amezunguka mji mzima kutafuta pa kuvukia. Aliona nyumba yake imelala kwenye mtaro, akapiga ukemi watu wakatoka. Halafu akaona moshi kwenye paa la Phanuel. Yule kijana asiyenyamaza alisimama mlangoni, akamtazama mke wake, akamtazama mtoto, akatazama yale mawe matatu na jivu katikati. Alikuwa amejenga na kubomoa mwaka mzima. Alijua maana yake.

"Fundi," akasema. "Mmewasha."

"Tafuta kuni kavu," Phanuel akamwambia. "Hizi zinawatesa macho."

Kavoi akakaa kwenye kizingiti akaficha uso kwenye magoti. Tulimwacha hapo.

Lori lilikuja jua limeshapanda. Halikuweza kushuka Silanga, likasimama juu barabarani, dereva anapiga honi. Phanuel akapanda kwenda, nami nikamfuata nyuma, tope limenifika kwenye mashavu ya miguu, sijui nilidhani nitafanya nini. Labda nilidhani atabadilisha mawazo. Labda nilidhani dereva atasema kitu.

"Magogo yako wapi?" dereva akauliza. "Vijana wa kupakia wako wapi?"

"Hayaendi."

"Unacheza. Wazee wanangoja. Wanzala ameshachinja."

"Mwambie Wanzala ajenge."

Dereva akamtazama, akanitazama mimi. Alikuwa mtu wa kwao, alijua anaambiwa nini. "Nikasema nini, Phanuel? Kwamba umekubali?"

"Sema nimesema kwa kinywa changu. Mimi nimeshawasha moto wangu."

"Wapi?"

Phanuel akanyoosha mkono kuelekea bondeni, kwenye vyumba vilivyoanguka na maji ya kahawia na ule moshi mmoja. Dereva akatazama muda mrefu. Hakucheka, namshukuru kwa hilo. Akapanda, akawasha injini, lori likaondoka tupu, bodi lake lote likigongagonga.

Hapo ndipo nilipomgeukia. Yote yalitoka. Nilimwambia amenizika hai. Nilimwambia Kavoi angejengewa chumba kingine na mwenye ploti ndani ya wiki moja, lakini mimi nani atanijengea? Nilimwambia kwamba mtoto ni mzima, ndiyo, nimeona, nimefurahi, Mungu anajua nimefurahi, na bado namchukia. Watu walisimama kutusikiliza. Alingoja. Nilipoishiwa sauti nikauliza lile lililokuwa likinisumbua tangu usiku.

"Tukifa je, Baba Nelima? Tukifa tutapelekwa wapi?"

Alikuwa anajipangusa tope kwenye kiganja, yale malengelenge ya shoka.

"Hiyo ni kazi ya watakaotubeba," akasema. "Mimi nimechoka kubeba."

Nilikuwa nimechoka hata mimi. Tukashuka bondeni tumeshikana, si kwa mapenzi, ni kwa sababu njia ilikuwa inateleza.